Bendera Juu ya Ua wa Jirani

Leo nimekuja na habari ya bendera. Sizungumzii bendera ya Ikulu wala ya uwanja wa mpira. Nataka tuzungumze bendera anayoipandisha mtu wa kawaida kwenye bustani yake, penye viazi na maua, kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla hatujafika mbali, hebu nikuulize. Bendera ya taifa lako uliiona wapi mara ya mwisho? Fikiri kidogo. Huenda ni shuleni, asubuhi, watoto wakiwa mstarini. Huenda ni ofisi ya mtendaji wa kata, au kwa ndugu zetu wa Kenya, ofisi ya chifu. Huenda ni kituo cha polisi. Wale wa Tanzania mnajua, filimbi ikilia saa kumi na mbili jioni mpita njia husimama wima, mwenye baiskeli hushuka, mpaka bendera ishuke yote. Au uliiona juu ya gari la kiongozi, ikapita kwa kasi.

Haya, swali la pili. Umewahi kuiona kwa jirani yako, imepandishwa kwa sababu tu mtoto wake ametimiza miaka saba?

Hapo ndipo nataka tusafiri, msikilizaji. Twende Denmark, kaskazini mwa Ulaya. Nimeichagua Denmark kwa sababu kule bendera imeingia bustanini na ikakaa. Ukipita kwenye mitaa ya nyumba zenye bustani utaona milingoti myeupe imesimama kwenye majani, kila mmoja na kamba yake, na ncha yake imevikwa kitufe cha rangi ya dhahabu. Mtu anayetoka Mwanza au Mombasa akifika huko siku ambayo bendera zimepandishwa, atadhani waziri anapita. Kumbe ni bibi mmoja mtaani anatimiza miaka sabini, na majirani wamemfurahia.

Sasa kuna mahali pengine ambapo bendera hizi zinapendeza zaidi, nako ni kwenye bustani za kukodi. Naomba tukae hapa kidogo. Zamani, viwanda vilipovuta watu kuingia mijini, wafanyakazi wa Denmark walijikuta kwenye vyumba vidogo vya ghorofa, familia nzima imebanana, hakuna hata pa kupanda mchicha. Ndipo yakatengwa mashamba pembezoni mwa miji, yakakatwa vipande vidogo, kila familia ikakodishiwa kipande chake ilime viazi, kabichi na matunda, na watoto wapate hewa safi. Mji wa Aalborg ulianza mwaka 1884, miji mingine ikafuata. Mwaka 1908 wakulima hao wa mjini wakaunda shirikisho lao la nchi nzima, na lipo mpaka leo. Na mwaka 2001 bunge likapitisha sheria ya kuzilinda bustani hizo, maana ardhi ya mjini, kama tunavyojua sote, haikosi watu wanaoimezea mate.

Kipande chenyewe si kikubwa. Kwa kawaida hakizidi mita za mraba mia nne. Ndani yake kuna kibanda cha mbao, mara nyingi kimepakwa rangi ya kupendeza. Kuna mtofaa mmoja au miwili, kuna matuta ya viazi, kuna maua ya waridi. Kote kuzunguka kuna ua wa miti iliyokatwa vizuri. Na katikati, au penye kona, kuna mlingoti. Bustani ndogo hupewa mlingoti mfupi, kwani kanuni yao ni kwamba kimo cha bendera kiwe kama moja ya tano ya urefu wa mlingoti. Mlingoti wa mita sita unataka bendera yenye kimo cha mita moja na kidogo. Ukizidisha, bendera hukaa kama shuka lililoanikwa kwenye kamba fupi; ukipunguza, haionekani. Majira ya kuchipua yakiingia, vyama vingi vya bustani hufungua msimu kwa kukusanyika na kupandisha bendera ya chama chao, watu wakasalimiana baada ya miezi mingi ya baridi.

Nimetaja ule ua wa miti, naomba uukumbuke, maana ndio unaoeleza mambo. Ua unamficha jirani. Humwoni akimwagilia, humwoni akinywa kahawa. Lakini mlingoti unapita juu ya ua. Kwa hiyo kinachopandishwa mlingotini ndicho ambacho mwenye bustani anataka majirani wote wajue. Wadenmark wanaisoma bendera ya jirani vile akina mama wa pwani wanavyoisoma kanga ya jirani: wanaitazama na kujiuliza, leo ana neno gani?

Na maneno ni mengi. Bendera ikiwa juu kabisa siku ambayo si sikukuu, ujue kuna furaha pale. Siku ya kuzaliwa. Harusi. Mtoto amemaliza shule. Mwana amerudi kutoka ng'ambo. Bendera hiyo hiyo, ikiwa ndogo ya karatasi, utaikuta imechomekwa juu ya keki. Utaikuta imetungwa kwenye uzi na kuzungushwa mti wa Krismasi. Utaikuta mikononi mwa watu uwanja wa ndege wa Copenhagen, wanaipunga huku wakingoja mlango ufunguke, ndugu yao atokee na mizigo. Kwetu sisi ndugu akirudi kutoka safari tunampokea kwa vigelegele. Wao wanampokea kwa bendera ya taifa, na hakuna anayeona ajabu.

Kisha kuna neno la huzuni. Jirani akifiwa, bendera hupepea nusu mlingoti. Na hapa wana utaratibu ambao mimi binafsi naupenda sana. Huwezi kuifunga bendera ukaivuta mpaka katikati ukaiacha hapo. La. Kwanza unaipandisha mpaka juu kabisa, ndipo unaiteremsha taratibu hadi mahali pa msiba. Na ukitaka kuishusha, unaipandisha tena juu, ndipo unaileta chini. Siku ya mazishi bendera hukaa nusu mlingoti, na maziko yakiisha huinuliwa mpaka juu. Jirani aliyeko upande wa pili wa ua, ambaye labda hakupata kwenda kanisani, anaiona bendera ikipanda, anajua: wamekwisha kumzika.

Hebu nirudie, msikilizaji, kwa sababu ndilo jambo ninalotaka ubaki nalo jioni ya leo. Bendera ni ya taifa, lakini habari inayobebwa ni ya nyumba moja. Mtoto wa nyumba hii. Bibi wa nyumba ile. Serikali haikuagiza, hakuna waraka uliotoka wizarani. Mwenye bustani ameamka, amekwenda kwenye sanduku lake, ametoa bendera, ameifunga kwenye kamba.

Na je, kitu kikiwa cha kila mtu si kitachakaa? Si kitadharauliwa? Ni swali zuri, na najua wapo wanaoniuliza hivyo moyoni. Kwamba bendera ikiachwa mikononi mwa kila mtu, itakuja kufungiwa maandazi. Kwa Denmark naona imekuwa kinyume. Kwa sababu kila familia ina yake, kila familia inajua taratibu zake, na watoto wanazijifunza kwa kumtazama babu akivuta kamba.

Bendera hupandishwa saa mbili asubuhi, au jua likichomoza kama limechelewa. Haigusi ardhi. Jua likizama, ishuke. Hapo kuna kazi, ndugu zangu! Sisi tulio karibu na ikweta jua letu lina adabu, linazama karibu saa ile ile mwaka mzima. Kule mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, na mwezi wa Desemba limekwisha kuzama muda mfupi baada ya saa tisa na nusu alasiri. Kwa hiyo mwenye bendera lazima aijue saa ya jua ya siku hiyo. Ukiwa na sherehe ya Juni, wageni wamekaa, chakula kitamu, mazungumzo yamenoga, lazima mtu mmoja ainuke akaishushe bendera. Wazee wao walisema anayeiacha ipepee usiku anamsalimu shetani. Asiyetaka mlingoti wake ukae mtupu huweka utepe mrefu mwembamba, mwekundu wenye msalaba mweupe, na huo unaruhusiwa kukaa usiku na mchana. Na bendera ikichanika au kufifia haitupwi jalalani. Inachomwa moto, kwa heshima.

Sasa tujiulize, haki hii waliipataje? Maana si kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Bendera yao wanaiita Dannebrog, nyekundu yenye msalaba mweupe. Masimulizi yao yanasema ilishuka kutoka mbinguni tarehe 15 Juni 1219, katika vita vya mfalme Valdemar wa Pili kule Estonia. Hayo ni masimulizi, kila taifa lina yake, na mwaka 2019 walisherehekea miaka mia nane kwa furaha kubwa. Lakini kwa karne nyingi bendera hiyo ilikuwa ya mfalme, ya jeshi na ya meli. Miaka ya 1830 mwananchi alikatazwa kabisa kuipandisha nchi kavu. Umesikia hapo? Mwananchi alikatazwa bendera ya nchi yake.

Kilichobadilisha mambo ni vita. Kati ya 1848 na 1850 Denmark ilipigana kwa ajili ya majimbo ya kusini, Schleswig na Holstein. Vijana wa vijijini walikwenda vitani chini ya bendera ile, na waliporudi wazazi wao walitaka kuipandisha majumbani. Watu walianza kuipandisha hata kabla ya ruhusa. Mwaka 1854 serikali ikakubali: mwananchi aruhusiwe kupandisha bendera ya taifa, ile ya pembe nne, na ile yenye mkia uliopasuka ibaki ya dola. Mpaka leo ndivyo ilivyo. Ukiona Denmark bendera yenye mkia wa mbayuwayu kwenye mlingoti, jua hapo pana serikali, ufalme, au mtu aliyepewa kibali. Ya bustanini ina pembe nne.

Baada ya miaka kumi tu, mwaka 1864, walishindwa vita vingine, na karibu Schleswig yote hatimaye ikaenda mikononi mwa Prussia. Wadenmark waliobaki upande wa pili wa mpaka mpya wakakatazwa kupandisha Dannebrog. Huko husimuliwa kwamba wakulima, waliponyimwa bendera, walifuga nguruwe wa aina fulani, mwekundu mwenye mkanda mweupe begani, wakawaachia watembee uani mbele ya macho ya wakubwa. Nguruwe hao bado wapo, ni wachache, na jina lao linakumbusha upinzani huo. Naomba radhi kwa wasikilizaji wasiopenda kumsikia mnyama huyo saa hizi za chakula, lakini kisa kinaonyesha mtu akinyimwa kusema neno mlangoni kwake atatafuta njia. Walingoja mpaka 1920, watu wa Schleswig ya kaskazini walipopiga kura na kurudi Denmark. Mfalme Christian wa Kumi alivuka mpaka wa zamani akiwa juu ya farasi mweupe, na bendera zilizofichwa miaka hamsini na zaidi zikatoka kwenye masanduku.

Halafu ikaja tarehe 9 Aprili 1940, siku Ujerumani ilipoivamia Denmark. Mpaka leo kila mwaka tarehe hiyo bendera hupepea nusu mlingoti hadi saa sita mchana, ndipo huinuliwa juu kabisa.

Kwa hiyo nikisema bendera imekaa bustanini, nataka uelewe kwamba haikuangukia pale. Watu walinyimwa, wakaidai, wakaipata. Ndiyo maana wanaitunza.

Kwetu ilikuwa tofauti. Tanganyika usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Kenya usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963: taa zilizimwa, bendera ya mkoloni ikashuka, taa zikawashwa, yetu ikawa juu. Ilipandishwa uwanjani, mbele ya viongozi, na tangu hapo imekaa zaidi kwenye milingoti ya serikali. Mwananchi huichukua akienda kuishangilia timu ya taifa, na nyuso za watu siku hizo zinaonyesha kwamba mapenzi yapo. Sheria zetu zinailinda, na ni vizuri zikiilinda. Ila ningependa kuiona siku ambayo mwalimu mstaafu kule Njombe au Nyeri ataweza kuipandisha mbele ya nyumba yake siku mjukuu wake anapofaulu mtihani, afuate taratibu zote, na asionekane mtu wa ajabu.

Lakini subirini, sijamaliza. Nisipowaambia sehemu hii nitakuwa nimewaonyesha nusu ya bustani.

Je, katika bustani hizo za Denmark, jirani aliyetoka nchi nyingine anaweza kupandisha bendera ya kwao? Tuseme Mkenya anayeishi Aarhus, amekodi bustani yake, anapanda sukuma wiki pale ambapo wenzake wanapanda kabichi. Tarehe 12 Desemba inafika. Ana mlingoti. Je, anaweza?

Tangu 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambapo Denmark haikutaka kuonekana iko upande wowote, kulikuwa na amri iliyokataza kupandisha bendera za nchi nyingine bila ruhusa. Amri ilidumu zaidi ya miaka mia. Kisha mtu mmoja akapandisha bendera ya Marekani nyumbani kwake, akashitakiwa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Juni 2023 mahakama ikamwachia huru, ikasema amri ile haikuwa na msingi wa kutosha kisheria. Kwa muda, milingoti ikawa huru. Serikali ikaenda bungeni, ikasema Dannebrog ni alama inayowaunganisha watu na inastahili nafasi ya pekee. Ikatungwa sheria mpya, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Kwa sheria hiyo, kupandisha mlingotini bendera ya taifa lingine ni lazima uwe na ruhusa. Zimesamehewa za Greenland na visiwa vya Faroe, ambazo zimo ndani ya ufalme, za nchi jirani za kaskazini, na ya Ujerumani. Ya Ukraine nayo ilikuwa imeruhusiwa tangu 2022, baada ya Urusi kuivamia.

Kwa hiyo Mkenya wetu wa Aarhus, jibu lake ni hapana, mpaka apewe ruhusa. Jirani yake Mnorwe ruksa.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nawaelewa wanaosema kwamba milingoti yote ikipandishwa bendera za kila taifa, kesho watu watapimana nguvu kwa bendera, mtaa huu wa fulani, mtaa ule wa fulani, na ugomvi wa nchi za mbali utahamia kwenye viazi. Hofu hiyo si ya kubuni. Tumeona hata sisi, wakati wa uchaguzi, bendera za vyama zinavyoweza kugawa barabara moja pande mbili, majirani waliokopeshana chumvi wakaacha kusalimiana.

Hata hivyo sikubaliani na sheria ile, na nitasema kwa nini. Tumesema bendera ya bustanini inabeba habari za nyumba. Inasema leo tumepata mtoto, leo tumefiwa, leo ndugu karudi. Sasa mtu aliyehamia pale, anayelipa kodi pale, watoto wake wanasoma pale, bibi yake akifariki Kisii au Tanga, anaweza kupandisha Dannebrog nusu mlingoti, naam. Lakini kuna siku moja moja ambapo habari yenyewe ni ya kule alikotoka. Siku ya uhuru wa kwao. Siku mama yake mzee amefika kutoka kijijini kwa mara ya kwanza, na angependa akiingia getini aione bendera anayoijua. Siku hizo jirani huyu anaambiwa aombe ruhusa, wakati wenzake wanavuta kamba tu. Mimi ningependa sheria impe angalau hizo siku chache, bendera mbili kwenye milingoti miwili, ya Denmark na ya kwao, kwa kimo kimoja. Taifa lililowahi kunyimwa bendera yake uani kwake kwa zaidi ya miaka hamsini lina sababu ya kulielewa ombi hilo kuliko mataifa mengi.

Sheria ni changa, na sheria hurekebishwa. Nyie wasikilizaji wetu mnaoishi Denmark, mnaotusikiliza kwa intaneti, tuandikieni. Mtueleze mlingoti wenu una nini siku ya sikukuu ya nyumbani, na jirani zenu wanasemaje wakiuona. Na nyie mlioko huku, tuambieni: mngepewa mlingoti mbele ya nyumba, mngepandisha bendera siku gani, na kwa ajili ya nani? Barua zenu nitazisoma hapa hapa, wiki ijayo, saa hii hii.